Pale Wimbo Unapozama

"Siyo jina hilo!"

Wiki nzima mmenihangaisha na maneno hayo. Wapo walionisimamisha sokoni, wapo walionitumia ujumbe wa simu wenye matusi, na yupo mama mmoja wa Mtwara aliyeapa kufungia dagaa gazeti hili nisipomwambia upesi ni nani aliyepiga ukelele ule katikati ya harusi. Haya, tulieni, nasema. Lakini na yule aliyekuwa safarini wiki iliyopita naye ni msomaji wangu, basi niacheni nimpe maneno mawili asipotee njia.

Tuko Palma, alasiri, uwanjani kwa watu, harusi imenoga. Anayeimba ni Dalila, binti wa Abdurremane, yule mwimbaji wa Mocímboa da Praia ambaye siku vita vilipoingia mjini alionekana mara ya mwisho akikimbilia mikokoni na kinanda chake kichwani. Hakuonekana tena, si yeye si kinanda. Kilichobaki ni wimbo mmoja tu, "Nifungulie", aliourekodi siku chache kabla ya balaa, kwa simu iliyowekwa juu ya spika.

Na wimbo huo una kilema. Pale mwimbaji anapomtaja mtu amfungulie mlango, jenereta ilikosa pumzi, ikakohoa, kinanda kikanywea, sauti ikazama na jina likazama nayo. Halafu umeme ukarudi, wimbo ukaendelea kana kwamba hapakuwa na neno:

*Nifungulie mlango, umande umenilowesha,*
*Nifungulie, ewe… koh! koh! koh!… nimechoka kusimama.*

Rekodi ikakimbia pamoja na wakimbizi, simu kwa simu, mpaka Pemba, mpaka Montepuez. Watu hawakuwahi kuusikia wimbo mzima, basi wakaupenda na kilema chake. Ukifika pale, kila mtu anachuchumaa. Anazama. Jenereta ikipona, watu wanaibuka na vigelegele. Siku hizi bibi harusi na bwana harusi wasipozama pamoja, mabibi wanasema ndoa hiyo itakohoa.

Anayeupiga wimbo huo kuliko wote ni Latifo na konjunto yake, bendi ya harusini. Latifo ndiye aliyepiga gitaa siku ile ile ya kurekodi, na sheria yake ni moja: hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Hata kikohozi kina mwenyewe. Zeca, mpiga ngoma, anakikohoa kwa ngozi na kiganja hadi mtu aliyelala anaamka kutafuta mafuta ya jenereta.

Wiki iliyopita Dalila aliivunja sheria. Mama yake, Zainabo, amekaa miaka akikataa wachumba kwa kuwa yeye na mji mzima wanaamini jina lililozama ni lake. Sasa amekubali. Shehe karuhusu, eda imekwisha, na Ijumaa hii anaolewa na Hassane, mchuuzi wa samaki. Dalila akaona amuage mama yake kwa zawadi. Alipofika pale, hakuzama. Akalitaja jina kwa sauti ya wazi mbele ya watu: Zainabo!

Ndipo ukatoka ukelele ule. Tumefika pamoja? Basi twendeni.

*

Aliyepiga ukelele alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, kitambaa cha kapulana cha njano kiunoni, sahani ya wali bado mkononi.

"Siyo jina hilo," akarudia, safari hii bila kupaza. "Tena umelikaba, mwanangu. Halikai hapo. Hata weye mwenyewe umelisikia."

Na kweli Dalila alilisikia. Zainabo ni jina refu. Alilisukuma liingie kwenye wimbo kama mtu anayefunga sanduku kwa goti, na lilipoingia, lilichungulia kando.

"Bibi, weye nani?" akauliza kwenye maikrofoni.

"Mie Palmira. Jenereta ilikuwa yangu."

Looo! Mngeziona sura za watu. Mwanamke mmoja akaacha kutafuna. Mwingine akamsogelea Palmira akamgusa mkono, ahakikishe ni mtu.

"Ile inayokohoa?" akauliza Zeca kutoka nyuma ya ngoma zake.

"Ile ile. Niliwaambia mafuta yenu yana maji, hawakusikia. Nikasimama pale pale tangu mwanzo mpaka mwisho, maana wanamuziki siwaamini na kitu changu. Simu yao ilisikia jenereta. Mie nilimsikia mtu."

"Basi taja!" wakapokea watu. "Taja, mama, taja!"

"Hapana!"

Huyo alikuwa Latifo. Gitaa lilikuwa limeshawekwa chini, na Latifo haweki gitaa chini kwa mtu yeyote. "Mama Palmira, nakuomba. Hapa ni harusini kwa watu. Nakuomba."

Dalila akageuka akamtazama. Amefanya kazi na mtu huyu toka kambi ya wakimbizi, amegombezwa naye kwa pumzi iliyochelewa, kwa herufi iliyovutwa, kwa kope iliyopepesa. Kumsikia akiomba, hajawahi. Hapo ndipo Dalila alipoogopa.

Na wanawake wa mkekani hawakuhitaji zaidi ya hapo.

"Ni mwanamke mwingine!"

"Nilisema mie! Wanamuziki hawa!"

"Masikini Zainabo, na Ijumaa ndiyo hii!"

Zainabo alikuwa amekaa katikati yao, kapulana ya sare, mikono mapajani. Akasimama. Hakulia, hakumtazama mtu, akakata katikati ya uwanja akaelekea nyuma ya nyumba kwenye moshi wa jikoni, miguu mitupu, viatu kaviacha mkekani. Hassane, upande wa wanaume, akanyanyuka nusu, akakaa, akanyanyuka tena. Hakujua mchumba anaruhusiwa kufanya nini katika jambo kama hilo.

Mngedhani balaa limeishia hapo. Thubutu! Mama wa bibi harusi akaipokonya maikrofoni.

"Mwanangu amezama peke yake! Mmeona? Mtoto wa watu kazama kwa mazoea, mume kasikia hakuna kikohozi, kabaki wima! Ndoa gani hii, mke chini mume juu?"

"Mbona ndizo tulizo nazo wote," akajibu mtu, na uwanja ukacheka.

"Chekeni! Wajomba wa bwana harusi wamekwama ng'ambo ya mto, kivuko cha Namoto, pantoni inangoja maji yajae. Wakifika wanaukuta wimbo unarudiwa, na unarudiwa kama ulivyo! Nikisikia jina la mtu humo ndani, konjunto yote leo italamba ukoko!"

*

Dalila hakungoja amalize. Akamfuata mama yake, na Latifo akamfuata Dalila, na Palmira akamfuata Latifo, na sahani yake. Walianza kugombana kabla hawajafika kwenye mafiga.

"Nilikwambia tunapiga kama ilivyo!"

"Kama ilivyo nini, tio?" akaruka Dalila, aliyezoea kumwita hivyo, yaani mjomba. " Kama baba alivyoimba, au kama simu yako ilivyosikia?"

"Simu ndiyo iliyobaki!"

"Baba hakukohoa! Aliyekohoa ni jenereta! Miaka yote tunaipigia jenereta, tunaizamia jenereta, watu wanaoana kwa baraka za jenereta! Yeye yuko wapi humo?"

"Na weye umemtilia maneno mdomoni. Hebu niambie, kipi kibaya zaidi, tundu au uongo?"

Dalila akaongeza mwendo. Msimcheke. Nyie mngejibu nini?

Walimkuta Zainabo amempokonya mpishi mwiko, anakoroga wali usio wake. Nazi ilikuwa imeanza kuchemka na moshi ulikuwa ukimwingia machoni, au basi tuseme ulikuwa moshi.

"Palmira," akasema bila kugeuka. "Taja."

"Mama, tungoje kwanza…"

"Weye nyamaza. Na weye Latifo, nyamaza hivyo hivyo ulivyonyamaza miaka yote. Unadhani sikukuona uso wako pale? Palmira, huyo mwanamke ni nani? Yuko Palma hapa? Nimeshakula naye sahani moja?"

Palmira akatafuta mahali pa kuweka sahani, akaiweka juu ya kinu.

"Dada, mie nilidhani mnajua," akasema. "Mungu shahidi wangu. Nilikimbilia Mueda, simu ikapotelea njiani, wimbo huu tangu siku ile sijausikia hata mara moja. Leo nakuja kula wali wa watu, namsikia mtoto anaimba jina lisilo lenyewe. Limenitoka tu. Kumbe mji mzima ulikuwa unasema ni weye?"

"Taja."

"Dalila."

Mwiko ukasimama ndani ya wali.

"Nini?" akasema Dalila, akidhani ameitwa.

"Ndilo jina. *Nifungulie, ewe Dalila.* Alilisema waziwazi, mie nikamuuliza, nani huyo, mke? Akacheka. Akasema, mke ndiye aliyefunga."

Sasa wasomaji wangu, wakati mama na bwana Latifo wamesimama kama watu waliomwagiwa maji, nimsemee Dalila. Baba yake alikuwa akirudi alfajiri kutoka kwenye sherehe za watu. Mama yake, kwa hasira, alikuwa akitia komeo. Basi mzee akizunguka nyumba, anakwaruza kucha kwenye dirisha la mtoto, mtoto anashuka kitandani, anatembea kwa ncha za vidole, anaondoa komeo. Kila mara. Halafu anavishwa kichwani kofia ya baba yake yenye umande, anakwenda nayo kulala.

Na wimbo huo huo akauimba toka kambini hadi leo, harusi baada ya harusi, wala hakujisikia humo ndani, kwa kuwa kila mtu alimwambia ni wimbo wa mapenzi ya mke na mume. Akaona aibu, akaona furaha, na vyote viwili vikamjia kwa pamoja mpaka akashika ukuta.

"Tio," akasema taratibu. "Weye ulikuwepo siku ya kurekodi."

"Nilikuwepo."

"Ulilisikia."

"Nililisikia." Latifo akaziangalia kucha zake za gitaa. "Zainabo, unakumbuka tulivyokutana kambini Metuge? Ulikuwa huna hata sufuria. Ukasikiliza rekodi kwenye simu yangu, ukaniuliza, Latifo, aliniita mimi, sivyo? Ningekujibu nini? Nikasema, ndiyo, ni weye. Toka hapo ikawa lazima nikilinde kile kikohozi. Leo mtu akiongeza lake, kesho mwingine atauliza, na lenyewe hasa lilikuwa lipi? Basi nikasema, kama ilivyo. Kama ilivyo tu. Na mie pia nilimkosa rafiki yangu. Nikikisikia kile kikohozi namwona amekunja uso, anamtazama Mama Palmira, anasema, jamani, mafuta!"

Palmira akaguna. "Yalikuwa na maji."

Zainabo akamgeukia mwanawe. Dalila akarudi nyuma hatua moja.

"Kwa hiyo ulikuwa unamfungulia."

"Ndiyo, mama."

"Nikifunga mie, unafungua weye."

"Ndiyo."

"Mie nikiamka asubuhi namkuta mtu sebuleni anakoroma, najiuliza huyu kapitaje!" Zainabo akaanza kucheka, na machozi yakamtoka kwa kasi ile ile ya kicheko. "Nilidhani komeo limelegea! Nilimwita fundi, Dalila! Fundi akabadilisha komeo, nikamwambia hili nalo ni bovu, akabadilisha tena! Nikamtukana mtoto wa watu!"

Akaketi juu ya gunia la mkaa, sare na vyote, akajifuta uso kwa ncha ya kapulana.

"Sikia," akasema. "Nimekataa wanaume kwa wimbo usio wangu. Mmoja alikuwa na duka la vitambaa, Dalila. Duka! Nikamwambia, baba, mie nimeshaitwa na mtu mbele ya ulimwengu, siwezi. Kumbe naitwa nani! Inaniuma. Sikufichi, inaniuma, nakuonea wivu, mwanangu wa kumzaa. Lakini kuna kitu kilikuwa kimenikaa hapa kifuani, na sasa hakipo. Basi Ijumaa naolewa kwa roho nyeupe. Hassane hajui kuimba hata kidogo, na kwa hilo namshukuru Mungu."

Mtu akakohoa nyuma ya pipa la maji. Kikohozi cha kawaida, cha mtu.

Alikuwa Hassane, amesimama na viatu vya Zainabo mkononi, kimoja juu ya kingine, kama anavyoshika samaki wa kumpa mteja wake mzuri.

"Umevisahau mkekani," akasema.

"Umetusikia?"

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Ya Ijumaa."

"Basi hiyo inatosha," akasema Zainabo, akanyoosha miguu avae. Nami nawaambia, nyie mnaomchukia Hassane toka sehemu ya tatu, mngekuwepo pale mngemwomba radhi.

*

Honi!

Lori la wajomba lilikuwa limeingia, limejaa vumbi na watu, vigelegele vinapanda mbele na nyuma. Mama wa bibi harusi naye alikuwa ameshaikamata maikrofoni.

"Konjunto iko wapi? Konjunto! Nahesabu!"

Wakarudi mbio kwenye vyombo vyao, Latifo akaokota gitaa. Hakumtazama Dalila.

"Nitauimba kama ulivyo, tio," akasema Dalila.

"Na jina?"

"Jina langu siwezi kujiita mwenyewe. Aliyeliweka ndiye wa kuliita. Tutazama."

Latifo akashusha pumzi. "Ahsante."

"Lakini Zeca asikohoe."

"Ah! Dalila!"

"Mara moja tu. Tukifika pale tunanyamaza. Gitaa, kinanda, ngoma, mie, wote. Jenereta nimeshaipigia vya kutosha. Nataka pale pawe wazi. Pa kwake."

"Bila kikohozi watu watajuaje pa kuzama?"

"Wamezama miaka yote. Watajua."

"Hiyo ni kuongeza."

"Ni kupunguza, tio."

"Ni kitu kile kile!" Akakaza uzi mmoja wa gitaa, akaulegeza, akaukaza tena. Mdomo ulikuwa ukimcheza. "Mara moja. Kwa ajili ya Ijumaa ya mama yako. Baadaye tunarudi kwenye kazi yetu."

"Na mie pale nifanye nini?" akauliza Zeca, amenuna. "Nitazame mawingu?"

"Tazama mawingu," akasema Latifo.

Wakaanza. Bibi harusi na bwana harusi walisimama katikati, wameshikana mikono hadi vidole vimewapauka, maana safari hii hakuna aliyetaka kukosea. Wageni wa lori walikuwa bado wanateremka, wanapangusa vumbi, wanapokea maji. Zainabo alirudi mkekani akiwa amevaa viatu vyake, na alipopita mbele ya wale wanawake aliwatazama mmoja mmoja mpaka wakaanza kuzungumzia wali. Hassane akakaa ukingoni mwa upande wa wanaume, karibu naye kadiri heshima inavyoruhusu.

Dalila akafumba macho.

*Nifungulie mlango, umande umenilowesha…*

Sikiliza, mie nyimbo nimezisikia nyingi, wala si mtu wa kulizwa na spika. Lakini Dalila siku hiyo aliuimba akiwa anajua yuko upande gani wa mlango. Hakuongeza herufi. Hakuvuta popote ambapo baba yake hakuvuta. Watu walitazamana, wakijiuliza kilichobadilika ni nini, na hapakuwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole.

*Nifungulie, ewe…*

Mikono yote ya konjunto ikasimama.

Na watu wakazama! Bila kikohozi, bila kuambiwa, uwanja mzima chini. Bibi harusi chini, bwana harusi chini, pamoja, alhamdulillahi. Mama wa bibi harusi chini na maikrofoni ya pili. Palmira chini na sahani yake. Zainabo chini, anacheka, na Hassane chini, magoti yakilia. Wajomba wa ng'ambo, ambao mambo haya ya kuzama hawayajui, walipoona wenyeji wanachuchumaa wakachuchumaa nao, kwa adabu. Konjunto yenyewe ikazama. Dalila alikuwa ameinama kabisa, paji la uso limegusa goti, maikrofoni imekumbatiwa kifuani.

Pakawa kimya. Ulisikia wali ukichemka nyuma ya nyumba.

"*Dalila.*"

Haikutoka kwenye spika. Ilitoka nyuma, upande wa lori. Sauti ya mwanamume, imechakaa, kavu kwa vumbi la njia. Wala hakuita, aliimba. Jina lilianguka pale penyewe, kwa kimo chake, kwa pumzi yake, halikusukumwa wala kuvutwa. Likakaa.

"*…nimechoka kusimama.*"

Kidole cha Latifo kilijigonga kwenye uzi, gitaa likatoa mlio mmoja mbaya, basi.

Dalila akafumbua macho. Hapakuwa na haja ya kutafuta, kwa maana watu wote walikuwa chini na hapakuwa na wa kumkinga. Pembeni ya bodi la lori, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, bega moja limelegea, ndevu nyeupe ambazo yeye Dalila hazijui, alisimama mtu mwembamba. Alikuwa amefumba macho. Hakujua kwamba muziki umenyamaza, hakujua kwamba watu wamezama, hajawahi kuambiwa kwamba kwenye wimbo huu watu huzama. Aliuimba jinsi anavyoujua yeye, peke yake, wima.

"Baba," akasema Dalila, lakini maikrofoni ilikuwa kifuani na aliyemsikia ni Latifo tu.

Hassane ndiye aliyewahi kuinuka. Mtu wa heshima yule, hakuinuka kwa ajili yake, alimnyooshea mkono mchumba wake amsaidie kusimama. Zainabo hakuushika. Alikuwa amechuchumaa vile vile, kiatu kimoja kimemtoka mguuni, macho ameyakaza kwenye lori.

"Zainabo," akanong'ona Hassane. "Yule ni nani?"

Zainabo akapapasa kiatu kilichomtoka bila kuyaondoa macho kwenye lori.

"Yule," akasema, "ndiye niliyekuwa nikimfungia mlango."